Gharama ya Kuugua Huku Tshopo

Mtu wa Lubunga akitaka kununua mchele sokoni, huuliza bei kwanza. Akiona ni ghali huenda meza ya pili. Na mwenye mchele, akiogopa kumkosa mnunuzi, humwongezea konzi moja juu ya kipimo. Ndivyo watu walivyouza na kununua tangu zamani za mababu, wala hakuna aliyewafundisha.

Lakini mtu huyo huyo akivuka mto usiku pamoja na mkewe mwenye uchungu wa kuzaa, haulizi bei. Mjini Kisangani hakuna daraja juu ya mto Kongo. Mwenyeji wa ng'ambo ya kushoto huvuka kwa mtumbwi au kwa kivuko, na usiku kivuko hakipatikani. Amefika upande wa Makiso, mkewe analia, mwenye mtumbwi amekwisha kurudi. Ataulizaje bei? Ataambiwa baadaye, tena si bei moja, bali nyingi: bei ya karatasi, bei ya glavu, bei ya uzi, bei ya chupa ya maji ya kutiwa mshipani, bei ya kitanda. Siku ya kutoka ataletewa jumla, na hapo ndipo atakapoanza kuwatafuta ndugu zake mmoja mmoja.

Wasomaji wapenzi, mambo haya hamna haja ya kuhadithiwa. Katika nchi yetu wamekuwapo akina mama waliojifungua salama, wakazuiliwa hospitalini siku nyingi kwa sababu ya deni, na habari hiyo imeandikwa na wachunguzi hata ikasomwa ng'ambo. Lakini walio wengi zaidi ni wale ambao hawakufika kabisa. Walikaa nyumbani wakisema, "Tungoje kesho," kwa kuwa hawakujua wataombwa kiasi gani. Homa ya mtoto haingoji kesho.

Wako wasemao: serikali ilipe yote. Wako na wengine, nao wanazidi siku hizi, wasemao: waacheni wenye dawa na wenye zahanati washindane kama wauza mchele, na bei itashuka yenyewe. Neno hili la pili linastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana lina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko mahali wanapoutafuta.

Maana ushindani hatuukosi. Pita barabara za Mangobo au za Kabondo, hutakwenda mbali kabla ya kuona msalaba uliochorwa ukutani, na kabati la vioo, na kijana aliyekaa nyuma yake. Kama wingi wa wauzaji peke yake ungetosha kushusha bei, basi matibabu ya Kisangani yangalikuwa rahisi kuliko ya mji wowote. Mbona sivyo? Kwa sababu mnunuzi wa mchele hutafuna punje moja akajua kama ni mchele mwema au umekaa ghalani mno. Kidonge hakionjwi. Kilicho kamili na kilichoharibiwa na jua vyote ni vyeupe. Tena mnunuzi wa mchele aweza kurudi nyumbani akapika mihogo siku ile. Mgonjwa hana mihogo ya kugeukia. Na jambo la tatu, ambalo watu hawalifikiri sana: anayemwambia mgonjwa anunue nini ndiye huyo huyo amwuziaye.

Simsemi muuguzi kwa ubaya. Yatupasa kuuliza analipwa na nani. Wazee wetu hupenda kusema kwamba zamani dawa ilikuwa bure. Haikuwa bure, ililipwa kwa kodi ya kichwa na kwa jasho la mashamba ya lazima. Lakini ni kweli kwamba mgonjwa hakuombwa fedha mlangoni. Mfuko uliokuwa ukiitwa Fonds du Bien-être Indigène, ulioanzishwa mwaka 1947, ulijenga hospitali na zahanati vijijini, na ule Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959 ukaongeza nyingine. Kabla ya hapo, huko Yakusu, karibu tu na mji wetu, Dkt. Clement Chesterman wa misioni ya Wabaptisti alifika mwaka 1920 akapigana na ugonjwa wa malale, akawafundisha vijana wa kienyeji kazi ya uuguzi na kuwatuma katika zahanati za kando ya mto. Baadaye, katika miaka ya 1980, Zaire iligawanywa katika maeneo ya afya 306, kila moja likiwa na hospitali yake na vituo vyake. Mpango huo ulisifiwa hata mbali. Walakini hazina ya serikali ilikuwa inakauka, na mishahara ikafuata njia ya hazina.

Septemba mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, wakakubali shauri jipya: kituo cha afya kiuze dawa kwa bei iliyozidi kidogo ile kilichonunulia, ili faida inunue dawa nyingine na kabati lisikae tupu. Kwa ajili ya kabati shauri lilikuwa jema. Lakini huku kwetu faida ile haikubaki kabatini. Wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au hupata posho tu isiyotosha, na kwa hiyo sehemu ya fedha ya mgonjwa ikawa ndiyo mshahara. Juu ya hayo kila ofisi yenye muhuri ikaona kituo cha afya ni mti wenye matunda, ikaja kuutikisa. Hata leo familia zetu hutoa mfukoni fungu kubwa kuliko lile la serikali yenyewe katika gharama zote za afya nchini.

Basi, fikiri wewe mwenyewe. Muuguzi ana watoto sita, mshahara wake unategemea dawa anazoziuza, na mgonjwa hajui lolote. Je, ataandika dawa mbili au tano? Mtu hana haja ya kuwa mwovu ili aandike tano.

DAWA NA MIKONO INAYOPITIA

Dawa nyingi hutufikia kutoka Kinshasa, ama kwa ndege, ama kwa mashua juu ya mto, safari ya kilomita 1,700 na zaidi. Nyingine huingia kutoka Uganda kwa barabara ya Beni, Komanda, Niania na Bafwasende. Kila mahali pa kusimama pana mtu anayengoja kitu. Mwenye mzigo hulipa, kisha hulipisha. Na anayelipa mwishoni ni yule mtoto mwenye homa kule Opala au Banalia, kwa maana yeye ndiye wa mwisho, hana wa kumlipisha.

Hapa ndipo penye ukweli wa wale wanaosifu soko. Muuza dawa wa jumla hamwuzii mgonjwa. Humwuzia mfamasia, naye mfamasia ana macho: ajua kusoma tarehe ya mwisho, aijua dawa ile ile chini ya majina matatu ya biashara, aweza kungoja juma moja, aweza kumwambia muuzaji, "Bei yako siitaki, namwandikia mwingine." Mahali kama hapo ushindani hufanya kazi yake sawasawa. Ndiyo sababu tangu mwaka 2002 nchi yetu imejaribu kununua dawa za lazima kwa pamoja, kwa njia ya shirikisho liitwalo FEDECAME, na kuzigawa kupitia maduka makuu ya mikoani. La kwetu ni CAMEKIS, hapa Kisangani. Anayenunua kwa ajili ya hospitali nyingi pamoja hupewa bei ambayo zahanati moja ya Yahuma haiwezi kuiota. Shida ni kwamba zahanati nyingi hununua kwingine, kwa mkopo wa mfanyabiashara, kwa kuwa hazina fedha taslimu siku ya kununua. Na mwenye mkopo ndiye mpanga bei.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, swali la kuuliza si "soko au serikali?" Swali ni: mnunuzi ana macho wapi? Pale alipo na macho, soko liachwe huru, vizuizi vya njiani viondolewe, wauzaji washindane mpaka wachoke. Pale alipo kipofu kwa maumivu, sharti bei iwe imekwisha kupangwa na kujulikana kabla hajaugua.

Wanafunzi wa sekondari huenda wakataja Marekani, nchi ya soko kubwa kuliko zote. Vema. Marekani matibabu ni ghali kupita nchi yoyote duniani, na sababu mojawapo ni hii hii yetu: mgonjwa huambiwa bei akiwa amekwisha kupona au amekwisha kufa. Mjini Oklahoma City madaktari walianzisha mwaka 1997 nyumba ya upasuaji, Surgery Center of Oklahoma, na mwaka 2009 wakatangaza bei za operesheni zao zote mbele ya watu, kila operesheni bei moja, yenye daktari na chumba na dawa ya usingizi ndani yake. Watu wakaanza kusafiri kwenda kwao kutoka mbali. Na tangu Januari 2021 sheria ya Marekani inazidai hospitali zote zitangaze bei zao. Tazama, hata huko ambako soko ni kama mfalme, jambo lililofanya kishindo ni ubao wa bei.

BEI MOJA

Kwetu Kongo jambo hili si geni. Huko Kisantu, katika Kongo Central, ambako iko hospitali ya Saint-Luc, katika miaka iliyofuata 2006 waliacha kuhesabu glavu na uzi. Waliweka bei moja kwa kila aina ya ugonjwa au kazi: anayezaa kwa kawaida hulipa kiasi fulani, anayepasuliwa kiasi fulani, mtoto mwenye malaria kiasi fulani, basi. Msaada wa Ubelgiji ulijaza pengo, na wauguzi wakapewa posho isiyotegemea idadi ya dawa. Watu wakaja kwa wingi kuliko zamani.

Yafaa tuelewe kwa nini mambo yaligeuka. Chini ya desturi ya zamani, kila dawa iliyoongezwa ilikuwa faida kwa hospitali. Chini ya bei moja, kila dawa isiyo ya lazima ni hasara kwake. Kalamu ile ile, karatasi ile ile, lakini sasa mwandishi ana sababu ya kufikiri kabla ya kuandika. Hatari yake ipo, nisiifiche: hospitali yaweza kubana mno, ikampa mgonjwa vidonge vya siku tatu badala ya saba. Ndiyo maana bei moja yataka mkaguzi, na mkaguzi huyo asiwe mtu anayelipwa na hospitali hiyo.

Lakini hata bei moja iliyo ndogo haitoshi kwa mtu ambaye siku hiyo hana kitu. Mwendesha toleka hupata fedha yake ya leo kwa kukanyaga baiskeli leo. Akiugua leo, leo hiyo hana fedha. Hapo ndipo tunapofika Bwamanda.

WALIVYOFANYA BWAMANDA

Bwamanda iko katika jimbo ambalo sasa laitwa Sud-Ubangi. Zamani ilikuwa Équateur. Wakapuchini waliokuwa wamisionari huko walianzisha shirika la maendeleo, CDI-Bwamanda, ambalo lilinunua mavuno ya wakulima, hasa kahawa na soya. Mwaka 1986 hospitali ya hapo, pamoja na eneo la afya, walifanya hesabu, wakawaambia watu hivi: kila mtu alipe mara moja kwa mwaka fedha sawa na bei ya kilo mbili za soya, akilazwa hospitalini, atalipa sehemu moja tu kwa tano ya gharama, na mfuko utalipa nne.

Kilo mbili za soya! Katika majuma machache watu zaidi ya robo ya wakazi wa eneo walikuwa wamejiandikisha, na miaka iliyofuata wakapita nusu. Wala haikuwa nchi ya matajiri, na wakati wenyewe haukuwa wa raha: mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha msaada wake kwa Zaire, na mwaka 1993 na 1994 noti zetu zikawa kama majani makavu. Hospitali nyingi zilifungwa au zikabaki kuta. Mfuko wa Bwamanda ulipita katikati ya hayo yote ukiwa hai, na wataalamu walioukagua baada ya miaka kumi waliona kwamba wanachama walifika hospitalini mara nyingi zaidi kuliko wasio wanachama.

Siri yao ilikuwa nini? Sioni siri, naona hesabu na busara ya kijijini. Wanafunzi wa darasa la sita wachukue daftari wafanye hesabu hii, nayo ni mfano tu. Kijiji kina watu 1,000. Kila mwaka 30 hulazwa hospitalini, na kila mmoja hugharimu franga 100,000. Jumla ni franga 3,000,000. Kila mtu wa kijiji akitoa franga 3,000 kwa mwaka, wote 30 wamelipiwa. Sasa tugeuze. Tuseme wenye afya wamekataa, wakajiandikisha watu 100 tu, na 20 kati yao ni wale ambao tayari wanajua kwamba wataugua: mwenye ngiri, mwenye mimba ya taabu, mzee wa pumu. Gharama ni 2,000,000, waligawane watu 100, kila mmoja 20,000. Wenye afya waliobaki wataona ni ghali, wataondoka. Mwaka ujao bei itapanda tena, na mwaka wa tatu mfuko umekufa. Bwamanda walilijua hili. Hawakumkubali mtu mmoja mmoja. Ilibidi jamaa yote ya nyumba iandikwe pamoja, mtoto mwenye nguvu na bibi mgonjwa. Wala hawakuandikisha mwaka mzima, maana mtu angengoja mpaka tumbo liume ndipo alete fedha. Waliandikisha kwa muda mfupi tu, tena ule wakati mavuno yanauzwa na fedha ingali mkononi.

Na fedha yenyewe iliwekwa na shirika ambalo watu walikuwa wamelijua miaka mingi, lililowanunulia kahawa yao na kuwalipa. Hili nalitia mkazo, kwa sababu katika jimbo letu kila parokia ina hadithi ya sanduku la akiba lililoliwa na mtunzaji wake. Mtu aliyekwisha kuibiwa mara moja hamwamini hata mwaminifu.

Walakini Bwamanda nao walikuwa na upungufu. Wakazi wa karibu na hospitali walinufaika kuliko wale wa mbali. Mtu wa kilomita 60, asiye na njia ya kufika, hulipa sawa na jirani wa hospitali, kisha mauti yamkuta njiani. Sisi wa Tshopo tusilisahau hili, kwa maana jimbo letu ni kubwa kupita yote ya Kongo, na katika maeneo yetu ya afya 23, matano tu ndiyo ya mjini: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Kwa mtu wa Opienge, bei ya safari yaweza kuzidi bei ya operesheni.

Majirani zetu walijaribu njia zinazofanana. Tanzania ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, kila nyumba ikitoa shilingi 5,000 kwa mwaka. Watu waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa, kwa sababu walilipa kisha wakakuta zahanati haina dawa. Rwanda ilianza majaribio mwaka 1999 katika Byumba, Kabgayi na Kabutare, baadaye ikaagiza kila mwananchi awe katika mutuelle, maskini kabisa wakalipiwa. Watu wengi sana wakaingia. Lakini Rwanda serikali ikiagiza, husikiwa mpaka kilima cha mwisho. Kwetu, amri ya Kinshasa huchoka kabla ya kufika Bafwasende.

JIMBO LAWEZA NINI?

Mtu atasema, mambo haya ni ya waziri huko mjini mkuu. Sivyo kabisa. Katiba ya Februari 2006, katika sharti la 204, inayapa majimbo madaraka yao wenyewe juu ya kupanga huduma za matibabu, huduma za kihisani na za misioni, maabara, na huduma za madawa, pamoja na afya ya msingi. Ndiyo, misioni zimetajwa. Tshopo imekuwa jimbo la peke yake tangu mwaka 2015, Jimbo la Mashariki lilipogawanywa. Lina gavana, lina bunge, lina idara yake ya afya. Sheria ya mutuelle ipo tangu tarehe 8 Februari 2017, na sheria ya afya ya umma tangu Desemba 2018. Tarehe 5 Septemba 2023 serikali kuu ilianza huko Kinshasa mpango wa kuwazalisha akina mama bila malipo, ili baadaye uenee majimboni. Ni jambo jema, na mama yule wa Lubunga angelifurahia kuliko mtu yeyote. Lakini neno "bure" lina mlipaji wake, na mlipaji akichelewa, hospitali hurudi kimya kimya kwenye desturi ya glavu na uzi. Tumeona shuleni, tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, jinsi tangazo linavyotangulia na fedha ikifuata kwa miguu.

Kwa hiyo yale ambayo bunge letu la jimbo laweza kuyafanya bila kungoja ndege ya Kinshasa ni haya yasiyogharimu sana. Liagize kila hospitali na kila kituo, cha serikali, cha misioni na cha mtu binafsi, kiandike bei zake zote kwenye ubao nje ya mlango, kwa Kiswahili na Kilingala, kila kazi bei moja. Hapo hata mtu wa mtumbwi ataweza kuchagua kwa macho aende wapi, nao wenye zahanati watashindana kweli, kwa kuwa kila mmoja atasoma ubao wa mwenzake. Liondoe ushuru wa jimbo na wa miji juu ya dawa za lazima, bandarini na barabarani, na juu ya vituo vinavyozitoa. Na liwape wanunuzi wa vituo vidogo mkopo mdogo wa kununulia katika duka kuu, ili watoke mikononi mwa wakopeshaji. Sidhani kwamba haya yote yanazidi gharama ya magari ya mwaka mmoja.

Wapo watakaoumia. Mwenye zahanati ya kificho hatapenda ubao. Mtu wa kizuizi cha barabarani hatapenda msamaha wa ushuru, naye ana watoto kama sisi. Muuguzi aliyezoea fungu lake la dawa atauliza fungu hilo litalipwa na nani, na swali lake ni la haki. Bila jibu, ubao utapakwa chokaa usiku. Bei moja sharti iwe na posho ya muuguzi ndani yake, iandikwe wazi, watu wajue kwamba kati ya fedha wanayotoa, kiasi hiki ni cha dawa na kiasi hiki ni cha mtu aliyekesha.

Wako na wale wasioweza kutoa hata franga 3,000. Mjane asiye na shamba, mzee ambaye watoto wake hawajulikani waliko tangu vita. Hesabu ya soko haiwaoni watu hawa, na hesabu ya mutuelle huwaona nusu. Katika diosezi zetu ofisi za matibabu, BDOM, huchukua deni lao mara nyingi, lakini hospitali ya misioni nayo hununua dawa kwa fedha. Mahali pazuri pa msaada wa serikali, na wa wafadhili wa ng'ambo wapendao kujenga majengo mapya, ni hapa: wawalipie mchango wa mwaka watu hawa wanaojulikana kwa majina katika kila mtaa, nao waingie mlangoni na kadi sawa na ya jirani.

Kwa wale wa Isangi, Basoko na Opala wanaotaka kuanza mfuko wao mwaka huu, neno moja la kazi. Wengi hupenda kukusanya michango Septemba, kwa kuwa ndipo kamati zinapokutana baada ya mapumziko. Septemba ni mwezi wa daftari na sare. Mzazi hana franga ya kutoa. Ngojeni mpunga uanze kushushwa bandarini Kisangani, wekeni meza pale pale mkulima anapopokea fedha yake, andikeni nyumba nzima, na fungeni kitabu baada ya juma la nne.